Kuweka programu kwenye kompyuta zote za ofisi bila kuzunguka na flashi

Kibarua_wa_Nyaya

Salaam aleikum, na hamjambo nyote. Niko ofisi ya kutoa mizigo bandarini, hapa Moi Avenue, Mombasa, na tuna tawi dogo Changamwe. Kompyuta ni arobaini na kitu ukizijumlisha, mchanganyiko wa Windows 10 na 11. Seva ipo, Active Directory ipo (daftari la seva la akaunti na kompyuta zote za ofisi), kila mtu anaingia kwa akaunti ya domeni, yaani ya mtandao unaosimamiwa na seva hiyo, na hakuna mwenye haki za msimamizi kwenye mashine yake ila mimi. Mpaka hapo sina la kulalamika.

Shida ni programu yetu ya hesabu na ankara. Si ya kwenye brauza, ni ile ya kusakinisha kila mashine, na hifadhidata yake inakaa kwenye seva. Kila likitoka toleo jipya hifadhidata inapandishwa, na tangu dakika hiyo mashine yenye toleo la zamani haifungui kabisa, inakwambia matoleo hayalingani. Basi siku hiyo mimi ni mbio na flashi. "Dada, nipishe kidogo," naandika nywila, Next, Next, Finish, meza ya pili. Ghorofa mbili, kisha matatu mpaka Changamwe. Huku simu zinalia, na madereva wa malori wako chini wanangoja makaratasi.

Mdosi kaniuliza mbona hakuna kitufe kimoja cha kubonyeza mashine zote zikapata. Kuna kitu hicho, cha bure au cha bei ya kawaida?

Shemeji_Rauta

Kipo. Kinaitwa mwanafunzi wa atachimenti. Mpe flashi na nauli ya Changamwe.

BintiTudor

Kaka, kabla watu hawajaanza kukutajia vitu vya kununua: hiyo faili ya kusakinisha inaishia .msi au .exe?

Ikiwa .msi, yaani kifurushi cha Windows Installer, Active Directory uliyo nayo yatosha. Tengeneza folda kwenye seva, ishee, tia faili humo, na uwape Domain Computers haki ya kusoma. Wengi huwapa Domain Users halafu wanashangaa mbona haiendi. Programu husakinishwa kabla mtu hajaingia, kwa hivyo anayekuja kusoma folda ni kompyuta yenyewe, si dada wa hesabu. Na njia ya faili iandikwe kwa jina la seva, mfano \\seva\programu$, isiwe Z: wala herufi nyingine ya diski, maana wakati huo Z: bado haijaunganishwa.

Kisha nenda Group Policy (sera ambazo kompyuta za domeni huzipata kutoka kwenye seva), upande wa kompyuta, Software Installation, chagua Assigned. Mashine ikiwaka inajiwekea. Ukitaka logi nzuri (maandishi ya kila kilichotokea), badala ya hiyo tumia skripti ya kuwashia mashine yenye amri ya msiexec, ile inayosakinisha .msi, nayo iko hapo hapo kwenye Group Policy.

Ikiwa .exe, Software Installation haitaikubali. Muulize aliyewauzia kama ana .msi. Akikosa, angalia imetengenezwa kwa zana gani. Za Inno Setup hukubali /VERYSILENT pamoja na /SUPPRESSMSGBOXES na /NORESTART. Za NSIS hukubali /S, na hiyo S ni kubwa, ukiandika ndogo inakufungulia dirisha kama kawaida. Jaribu kwa mkono kwenye mashine moja. Ikimaliza bila kukuuliza neno, endelea.

Nahodha254

Mwamtesa bure. Programu iwekwe kwenye seva moja, watu waingie kwa Remote Desktop. Toleo jipya likija unasasisha mahali pamoja, unaenda kunywa kahawa. Kompyuta za mezani zinabaki kioo na kibodi tu.

BintiTudor

> Programu iwekwe kwenye seva moja

Ni njia nzuri, na hotelini kwetu tunaitumia kwa idara moja. Lakini Nahodha, taja na bei. Kila mtumiaji anahitaji leseni yake ya Remote Desktop juu ya leseni ya seva. Printa za risiti na za nukta (dot matrix) zitakusumbua. Na seva ikilala, ofisi nzima imelala, pamoja na wale waliokuwa na kazi ya Excel tu. Kwa Changamwe ni hoja ya kufikiria, kwa hapa kisiwani sioni haja.

Nahodha254

Printa za nukta umenikamata hapo, sina la kusema.

Kibarua_wa_Nyaya

Dada BintiTudor, ilikuwa .exe. Nimemwandikia mwenye programu, kajibu kwamba .msi ipo siku zote ila hakuna aliyewahi kuiomba. Nimechoka.

Kwa hivyo nikiiweka leo kwenye Group Policy, usiku nikiwasha upya mashine zote, asubuhi zote zina toleo jipya, si ndio?

Mzee_wa_Seva

Yakhe, subiri. Hilo neno "zote" ndilo linalonitia wasiwasi, kuliko .msi na .exe.

Uliuliza kitufe cha kubonyeza mashine zote zikapata kwa mpigo. Tarehe 19 Julai 2024, siku ya Ijumaa, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, CrowdStrike walitoa faili dogo la sasisho kwa wateja wao dunia nzima. Waliliondoa baada ya dakika 78. Katika hizo dakika 78, kwa hesabu ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 hivi za Windows zilishaanguka, skrini ya buluu, zawaka na kuanguka tena. Na dawa haikuweza kutumwa kwa mtandao, kwa sababu mashine haikai macho muda wa kuipokea. Nyingi zilihitaji mtu afike, aiwashe kwa Safe Mode (Windows yenye vitu vya lazima tu), afute faili kwa mkono. Yaani flashi na Next Next yako, mara milioni. Wale ni kampuni ya usalama yenye wahandisi wa kutosha. Sisi huku ni mtu mmoja na simu yake.

Kwa hivyo kazi yako ya kwanza ni kugawa mashine kwa mafungu. Tengeneza vikundi vitatu vya kompyuta kwenye Active Directory. La kwanza ni mashine yako na nyingine moja ya akiba. La pili, mtu mmoja kutoka kila idara, na uchague yule mwenye kelele, siyo mpole, maana mpole ataona kosa anyamaze. La tatu ni waliobaki. Sera ile ile ya Group Policy unaifungia kikundi, unaongeza kikundi siku baada ya siku. Ukiingiza kompyuta kwenye kikundi, kumbuka haitajijua ni mwanachama mpaka iwashwe upya. Pilau huonjwa jikoni kabla wageni hawajapakuliwa.

Lakini wewe una tatizo ambalo mafungu peke yake hayaliondoi, na naona limepitwa: hifadhidata. Ukishaipandisha, toleo la zamani halifungui. Kwa hivyo huwezi kuwa na fungu la kwanza kwenye toleo jipya na la tatu kwenye la zamani wakifanya kazi pamoja. Na ukitaka kurudi nyuma, kuondoa .msi mpya na kurudisha ya zamani ni rahisi, ila hifadhidata hairudi. Itabidi urudishe nakala ya jana, na ankara zote zilizopigwa tangu hapo zimepotea.

Tengeneza hifadhidata ya majaribio, nakala ya ile ya kweli, kwenye seva hiyo hiyo kama nafasi ipo. Fungu la kwanza na la pili wajaribu humo: wapige ankara ya uongo, wachapishe, watoe ripoti ya mwezi. Wakiridhika, ndipo siku ya kweli unachukua nakala, unajaribu kuirudisha kama inarudi (nakala ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu), unapandisha, na mashine zote zinapata usiku huo. Hapo ndipo Group Policy ya dada Binti inakufaa, kwa ile hatua ya mwisho.

Hesabu_Tu

Samahanini, mimi si mtu wa kompyuta, ni mhasibu, nimepita tu. Ila hapo "siku ya kweli" mnaichagua nyinyi bila kutuuliza sisi. Naomba niwaandikie siku za kutokugusa mashine zetu: tarehe 9, kodi ya mishahara. Tarehe 20, VAT. Na wiki ya mwisho ya Juni, kwa sababu tarehe 30 ni mwisho wa ritani za mwaka na kila mtu ofisini anakuja kwetu na karatasi zake. Kuna mtu wa kompyuta ofisi niliyokuwa zamani aliwasha mashine upya tarehe 20 saa kumi jioni. Sikwambii.

BintiTudor

Hesabu_Tu, hilo lako libandikwe juu ya uzi. Kwetu tunaweka siku mbili kabla na siku moja baada ya kila tarehe hizo, hakuna kitu kinachoguswa isipokuwa sasisho la usalama la dharura.

Na saa nzuri kwa ofisi za Mombasa ni Ijumaa mchana. Kuanzia saa sita na nusu mpaka saa nane wengi wako msikitini na wasiokwenda wako chakulani, mashine ziko wazi zinang'aa. Usiku mtu hazimi au anazima vibaya, Ijumaa mchana una uhakika umeme upo na wewe mwenyewe upo.

Mzee_wa_Seva

Na wewe sala yako?

BintiTudor

Mimi ni mwanamke Mzee, Ijumaa si faradhi kwangu. Ndio maana wananiwekea kazi hizo 😂

Ila tahadhari: watu huondoka wameacha Excel wazi haijahifadhiwa. Tuma ujumbe saa nne asubuhi, tena saa sita. Na usiiamuru mashine ijizime kwa nguvu, utagombana na watu.

FundiLikoni

Nyinyi mna domeni. Mimi nahudumia maduka na ofisi ndogo ndogo, kompyuta nane hapa, sita pale, hakuna seva, ni workgroup tu, kila mashine inajitegemea. Nimeweka akaunti moja ya msimamizi yenye nywila ile ile kila mahali ili nisihangaike, na natumia PDQ Deploy ya bure kusukuma programu kwa mtandao. Mashine nyingine zinanikatalia "access denied" ingawa nywila ni sahihi. Kwa nini?

Mzee_wa_Seva

Zinakukatalia kwa sababu kwenye workgroup, akaunti ya msimamizi ya ndani ikiingia kwa mtandao Windows huivua haki zake. Ni kinga. Kuna thamani ya rejista (hazina ya mipangilio ya Windows) ya kuiondoa, LocalAccountTokenFilterPolicy, lakini kabla hujaigusa sikiliza kwa nini kinga hiyo ipo.

Tarehe 27 Juni 2017 kulitoka NotPetya. Iliingia kupitia M.E.Doc, programu ya hesabu na kodi inayotumiwa sana Ukraine. Wahalifu waliingia kwenye seva za masasisho za kampuni hiyo, na sasisho lenyewe likawa ndilo sumu. Ikishafika mashine moja, ilisambaa kwa njia mbili: tobo la SMB (njia ya Windows ya kushea mafaili) ambalo Microsoft walishaliziba Machi mwaka huo, na nywila zilizokuwa kwenye kumbukumbu ya mashine, ikizitumia na PsExec na WMIC. Angalia vizuri hivyo viwili. Ni zana za msimamizi, hizi hizi tunazotumia kusambazia programu. Mashine iliyosasishwa vizuri nayo iliangushwa, kwa sababu msimamizi aliwahi kuingia kwa nywila moja inayofungua zote.

Sisi wa bandarini tuliisikia kwa Maersk, kampuni ya meli za makontena. Mwenyekiti wao wa wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alisema Davos mwaka 2018 kwamba walisakinisha upya seva 4,000, kompyuta 45,000 na programu 2,500 ndani ya siku kumi. Seva zao za domeni zilifutika dunia nzima isipokuwa moja, ya ofisi ya Ghana. Ilinusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio. Nasi twalaani umeme ukikatika.

Kwa hivyo, Fundi: nywila moja kwa mashine zote za wateja wako wote, hapana. Kwa walio na domeni kuna Windows LAPS, imo ndani ya Windows tangu Aprili 2023, inaipa kila mashine nywila yake na kuibadilisha yenyewe. Kibarua, hii ni yako pia. Na akaunti ya Domain Admin, yenye haki kwenye domeni nzima, isiingie kamwe kwenye mashine ya mezani. Tengeneza akaunti nyingine yenye haki kwenye mashine za mezani tu, hiyo ndiyo utumie kwa kusambaza.

FundiLikoni

Nimekuelewa Mzee wangu. Sasa workgroup nifanyeje? Domeni mteja hataki kulipia.

BintiTudor

Badala ya wewe kuisukuma, mashine ije kuchukua yenyewe. Weka kazi ya ratiba inayoendeshwa na akaunti ya SYSTEM (ya Windows yenyewe, yenye haki zote) mashine ikiwaka: inasoma faili fupi lenye namba ya toleo, ikikuta ni jipya kuliko ililo nalo, inapakua na kusakinisha. Ila kwenye workgroup SYSTEM akienda kwenye folda iliyoshewa anafika bila jina, atakataliwa. Kwa hivyo tumia seva ndogo ya wavuti humo humo ofisini, hata kompyuta ya zamani yatosha, iwe na HTTPS. Na skripti ihakiki sahihi ya faili kabla ya kuiendesha.

Kwa programu za kawaida, brauza, 7-Zip, kisoma PDF, winget au Chocolatey, zana za kusakinisha kwa amri, zinamaliza kazi. Winget ukiiendesha kama SYSTEM ina vituko vyake, Chocolatey ni tulivu zaidi hapo.

Mzee_wa_Seva

Na folda hiyo, iwe ya wavuti au ya kushea, wote wasome, mwenye kuandika awe wewe peke yako. Nimeona ofisi folda ya programu ni Everyone, Full Control. Kitu chochote atakachokitia mtu humo kesho kitaendeshwa na SYSTEM kwenye mashine zote. Mwizi hahitaji kujua zaidi ya hapo.

Kibarua_wa_Nyaya

Narudi na habari. Nimefanya mafungu. Fungu la kwanza safi. Fungu la pili vurugu: mashine nyingine zimepata, nyingine hata hazikujaribu, nyingine logi inasema 1603, moja 1618, na kadhaa 3010. Na waliokosa wanasema "nilizima jana nikawasha leo, kama ulivyosema."

BintiTudor

3010 si kosa, ni "nimemaliza, niwashe upya." Kama skripti yako inahesabu kila kisicho 0 kuwa kosa, irekebishe. 1618 maana yake kuna usakinishaji mwingine unaendelea, Windows Installer hafanyi mbili kwa pamoja, jaribu tena baadaye.

1603 ni "nimeshindwa" tu, haikwambii sababu. Fungua logi ya /L*v (logi ndefu ya msiexec), tafuta maneno "Return value 3". Sababu yenyewe huwa mistari michache juu ya hapo. Mara nyingi ni diski imejaa, antivairasi imezuia, au faili linatumika.

Mzee_wa_Seva

Zile ambazo hazikujaribu, ni Fast Startup, naweka dau. Kwenye Windows 10 na 11, mtu akibonyeza Shut down mashine haizimi kabisa, inahifadhi kiini cha mfumo kwenye diski na kukirudisha asubuhi. Kwa hivyo hakuna kuwaka kwa kweli, na sera na skripti za kuwashia hazipiti. Restart ndiyo inayowasha upya kikweli. Watu wako hawasemi uongo, walizima. Izime Fast Startup kwa Group Policy kwa mashine zote za mezani, kwenye rejista ni HiberbootEnabled, iweke 0.

Halafu washa "Always wait for the network at computer startup and logon". Bila hiyo, mashine yenye SSD inawaka haraka kuliko swichi inavyompa mtandao, inaitafuta seva inaikosa, inaendelea na shughuli zake.

Kibarua_wa_Nyaya

Mzee, ni Fast Startup kweli. Na 1603 mbili ni diski zimejaa, folda ya Downloads ya mtu mmoja ina harusi nzima kwa video.

Hesabu_Tu

Mkiwa mko hapo, mnisaidie. Tangu Office isasishwe, fomu ya Excel ya ritani ya iTax (mfumo wa kodi wa mtandaoni) nikiipakua inaleta mstari mwekundu juu, inasema makro zimezuiwa, na hakuna hata kitufe cha kuruhusu. Zamani kulikuwa na cha njano nabonyeza basi. Jirani yangu kaambiwa aruhusu makro zote kwenye mipangilio. Ni sawa?

BintiTudor

Si sawa, mwambie arudishe. Ukiruhusu zote, ya iTax itafunguka, na ile iliyotumwa kwa barua pepe ikijifanya bili ya kontena itafunguka pia.

Mstari mwekundu ni mabadiliko ya Microsoft ya mwaka 2022: faili lolote la Office lililotoka kwenye intaneti, makro zake zimefungwa. Fomu ya iTax uifungue zipu yake, bonyeza faili kwa kulia, Properties, chini kabisa tia alama Unblock, OK. Ni kwa faili hilo moja tu. Ofisi ikiwa kubwa, mtu wa kompyuta aweke folda moja inayoaminika kwa sera, na wahasibu wapewe fomu kutoka humo.

Shemeji_Rauta

Na mwenye Office ya "kiamsho" asasishe vipi? Naulizia rafiki.

Mzee_wa_Seva

Mwambie rafiki yako kwamba hicho kiamsho cha kufungulia Office bila leseni, kabla hakijafanya kazi, kilimwomba azime Defender na akipe haki za msimamizi. Akaipa programu asiyoijua mwenyewe ufunguo wote. LibreOffice ni ya bure.

Kibarua_wa_Nyaya

Imebaki Changamwe. Laini ya pale ni nyembamba, ikianza kuvuta masasisho ya Windows hata barua pepe haziendi. Jumatano asubuhi ndiyo mbaya zaidi, sijui kwa nini.

Mzee_wa_Seva

Jumatano ya kila wiki au mara moja kwa mwezi? Microsoft hutoa masasisho Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi kule kwao pwani ya magharibi, ambayo kwetu ni saa mbili usiku au saa tatu kulingana na majira yao. Mashine zako zikiwaka Jumatano asubuhi zote zinayakimbilia pamoja.

Washa Delivery Optimization ya kugawana ndani ya mtandao: mashine moja ikishapakua vipande, nyingine zinachukua kwake kupitia poti 7680 badala ya kwenda nje. Iruhusu poti hiyo kwenye ngome ya Windows ndani ya tawi, na weka kikomo cha upakuaji saa za kazi. WSUS (seva ya ofisi ya kugawa masasisho ya Windows) ningekwambia zamani bila kusita, bado inafanya kazi kwenye poti 8530 yake, lakini Septemba 2024 Microsoft walitangaza hawataiendeleza. Kama huna, usianze leo.

Ya programu yenu ni rahisi zaidi. Nakili .msi usiku kwenda kwenye mashine moja ya Changamwe kwa robocopy, amri ya Windows ya kunakili, weka /Z ili laini ikikatika aendelee alipofika, na /IPG ili asile laini yote. Siku ya kusakinisha, mashine za pale zisome hapo hapo. Hapo hata nyaya za baharini zikikatika kama ile Mei 2024, EASSy na SEACOM kwa siku moja, kazi yako inaendelea.

Nahodha254

Na hizo Windows 10? Muda wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Kibarua_wa_Nyaya

Ziko kumi na kitu, zile za mtumba kutoka Uingereza. Hazina TPM 2.0, ile chipu ya usalama, Windows 11 inazikataa.

Nahodha254

Basi mdosi achague. Masasisho ya usalama ya kulipia yapo kwa miaka mitatu kwa ofisi, dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, na kila mwaka bei inarudufika. Kwa mashine ya mtumba, mwaka wa pili utakuwa umeshalipa karibu bei ya nyingine. Mimi ningeweka Linux na ile Remote Desktop yangu niliyokataliwa juu huko.

BintiTudor

Hukukataliwa, uliulizwa bei 😄 Kwa hizo mashine kumi na kitu, sasa naona hesabu yake inaingia.

Kibarua_wa_Nyaya

Nitampelekea mdosi zote mbili. Fungu la tatu nalipeleka Ijumaa hii, tarehe haigusi 20. Skripti yangu ya kuwashia ni hii, hebu mniangalizie:

if exist "C:\Program Files\Hesabu\toleo7.txt" exit /b 0
msiexec /i "\\seva\programu$\hesabu7.msi" /qn /norestart /L*v "\\seva\programu$\logi\%COMPUTERNAME%.txt"

Mzee_wa_Seva

Mstari wa pili, logi isiende kwenye programu$. Ili kompyuta ziandike logi humo itabidi uzipe haki ya kuandika kwenye folda ya programu, na tulishasema hapo aandike nani. Fungua folda nyingine, logi$, Domain Computers waandike huko. Na toleo7.txt nani anaitengeneza, .msi au wewe?

Kibarua_wa_Nyaya

Inatoka ndani ya .msi yenyewe. Logi nahamisha sasa hivi.